Picha za Kampala usiku ukiwa na familia: giza letu linaingia upesi, tujipange vipi?

BabaNasra (Kibuli)

Assalaam alaykum, na kwa wote habari za jioni.

Naweka uzi huu kwa sababu nazipenda picha za Kampala za usiku. Inaniuma kuona familia zinajikusanya, zinapanda vilima vya Naguru au Muyenga saa tatu usiku, halafu zinarudi na picha za anga jeusi tii, vitone vya taa, na watoto waliopaushwa na flashi. Mji wenyewe hauonekani, ungeweza kuwa mji wowote ule. Kampala imekaa juu ya vilima, taa zake zinapanda na kushuka, na hicho ndicho mtu wa Mombasa au Mwanza anatakiwa akione akitumiwa picha.

Ninachosisitiza ni saa. Picha nzuri ya mji usiku hupigwa kabla usiku haujaingia sawasawa. Taa zimeshawaka, lakini anga bado lina rangi ya nili, na mapaa, miti na migongo ya vilima bado vinasomeka. Ukichelewa, anga linakufa na kamera haina cha kuokota isipokuwa balbu.

Na kwetu muda huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Tuko karibu kabisa na ikweta, mstari wenyewe unapita pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka. Huku jua linashuka wima, halitambai pembeni. London mwezi wa Juni, kutoka jua kuzama hadi giza la kwanza kukamilika (huoni vizuri tena nje bila taa) ni zaidi ya dakika 40. Hapa ni dakika 20 na kidogo, mwaka mzima. Kwa hiyo ushauri wa mitandaoni wa watu wa Ulaya kwamba usubiri saa nzima baada ya jua kuzama haukufai hapa.

Uzuri wake ni kwamba saa yetu haihamihami sana. Kampala jua huzama mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, kama saa 12:37 jioni, na huchelewa zaidi katikati ya Februari, kama saa 1:07. Tofauti ni nusu saa tu. Mimi hupanga kuwa mahali nilipopachagua, watoto wameshakunywa maji na kwenda haja, kabla jua halijagusa kilima. Dirisha lenyewe hufunguka dakika kama kumi baada ya jua kuzama, na dakika ya ishirini na tano hivi limeshafungwa.

Kwa sisi tunaoswali mambo yamekaa vizuri mno. Adhana ya Magharibi inaingia jua likizama, wakati anga bado lina mwanga mwingi kupita kiasi. Swali kwanza. Ukitoa salamu, ukavaa viatu na kuwakusanya watoto, anga ndiyo kwanza linaiva. Ndiyo maana napenda kuanzia Kampala ya Kale. Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, umekaa kileleni kabisa, familia nzima inaswali pale, halafu mji wote uko mbele yenu upande wa mashariki. Waombeni ruhusa walinzi kabla ya kutoa kamera na mvae kwa heshima. Wakikataa, shukeni bila ubishi.

Jambo la pili ni unaelekea wapi. Mwanga wa mwisho unabaki magharibi. Ukiwa Naguru unautazama mji ukielekea magharibi, Kololo mbele na majengo marefu ya Nakasero nyuma yake, kwa hiyo nyuma ya mji pana wekundu unaogeuka zambarau kisha nili. Muyenga mji unakuwa kaskazini-magharibi, bado vizuri, na ukigeuka upande wa pili unaliona ziwa. Ukiwa Namirembe au Rubaga mambo yanageuka: unatazama mashariki, anga la huko linazimika mapema, lakini huko ndiko mwezi unakochomoza. Siku moja kabla ya mwezi mpevu, mwezi hutoka mapema kidogo kuliko jua kuzama, na unapopanda juu ya mji anga bado halijawa jeusi. Mwezi na mji vinapata mwanga unaolingana. Siku mbili baadaye unatoka gizani, na kwenye picha unakuwa tobo jeupe tu.

Kwa wenye kamera: weka kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO (wepesi wa kamera kuudaka mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata (kile kifuniko kinachoruhusu mwanga uingie) iachwe wazi sekunde 5 mpaka 15 kadiri giza linavyozidi. Tumia taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisitikise. Kama lenzi ina kizuia-mtikisiko, kizime ukiwa kwenye stendi.

Kuhusu watu ndani ya picha, ambao kwangu ndio sababu ya kutoka nyumbani, nitaandika chini nikishaona wadau wanasemaje. Karibuni.

---

Okello_Ntinda

Mkuu uzi mzuri, lakini umeanza na kamera. Wengi wetu tuna simu tu, na si zile za bei mbaya. Sisi tufanyeje? Stendi yenyewe sina.

---

BabaNasra (Kibuli)

Okello ndugu yangu, simu inatosha kabisa kwa saa niliyoitaja, maana mwanga bado upo. Simu inateseka saa tatu usiku, si saa moja na dakika kumi.

Kwanza futa lenzi kwa kitambaa safi. Simu inakaa mfukoni, inashikwa na watoto wenye mikono ya mandazi, na mafuta kwenye kioo ndiyo yanayofanya kila taa iwe na ukungu na miale mirefu. Zima flashi, haifiki mbali kuliko hatua chache. Kisha iegemeze: ukuta, boneti ya gari lililozimwa injini, mfuko mdogo wa mchele uliofungwa. Mfuko wa mchele ni stendi nzuri kuliko stendi nyingi za plastiki, simu inazama na kukaa unavyotaka. Tumia hali ya usiku kama ipo. Simu inapiga picha kadhaa mfululizo kwa sekunde mbili tatu na kuziunganisha, kwa hiyo usiiguse mpaka imalize.

La mwisho: gusa skrini pale penye taa kali na ushikilie mpaka ijifunge, halafu shusha mwanga kidogo. Simu hutaka kuugeuza usiku kuwa mchana, na ukiiachia, anga lako la nili litakuwa kijivu chenye chenga, zile punje punje za picha ya gizani.

---

Umm_Swabra (Bwaise)

Ahsante kwa uzi, kaka BabaNasra. Mimi ni mama wa watoto, na nataka niseme lile ambalo akina baba wanaopiga picha hawalisemi.

Kwenye picha za matembezi za familia nyingi, mama hayumo. Yupo, lakini yuko nyuma ya kamera ameshika masweta, mkoba na chupa za maji. Shangazi aliyekuja kutoka kijijini naye hayumo, kaambiwa "shika mtoto". Ukipitia albamu unaona watoto wanakua na baba anazeeka, basi. Taima ipo kwenye kila simu. Iegemezeni, wekeni sekunde kumi, wote muingie. Hili si pambo, watoto wakikua watatafuta sura ya mama yao usiku ule na hawataiona.

La pili ni usalama. Usiku simu ya kwenye mkono ulionyooshwa ni rahisi kukwapuliwa, hasa kando ya barabara wanapopita wa bodaboda. Msipige picha mkiwa ukingoni mwa barabara. Ingieni ndani ya uwanja wenye geti, kwenye mkahawa wenye baraza ya juu, au nyumbani kwa ndugu mwenye ghorofa. Mmoja anapiga, mwingine macho yake yako kwa watu na si kwenye skrini. Na watoto wasiachwe waegemee kuta fupi za vilimani ili picha ipendeze.

La tatu, baridi. Kampala iko juu, karibu mita 1,200, na mvua ikishanyesha upepo wa kilimani si wa mchezo. Mtoto aliyevaa sweta anatulia, na mtoto anayetulia ndiye anayetoka vizuri kwenye picha.

---

BabaNasra (Kibuli)

Umm Swabra, Allah akulipe kheri. Hilo la mama kutokuwamo ni kweli tupu na ningetaka kila mtu alisome kabla hajasoma namba zangu za f/8.

Nalifuatisha na la nyuso, kwa sababu hapo ndipo picha nyingi zinaharibika. Ukimsimamisha mtu mbele ya mji unaong'aa, kamera inapima zile taa na kuona mwanga unatosha, basi ngozi zetu nyeusi zinazama gizani, macho tu ndiyo yanaonekana. Watu wanakimbilia flashi. Flashi ya simu inapiga usoni moja kwa moja, uso unakuwa bapa na mng'ao wa jasho, na mji nyuma unatoweka.

Chukua simu ya pili, washa tochi, ifunike kwa leso nyeupe au kipande cha kanga nyepesi, mtu asimame nayo pembeni, juu kidogo ya usawa wa uso, hatua mbili tatu. Mwanga unateleza kwenye shavu, ngozi inaonyesha rangi yake ya kweli, kahawia ya huyu na weusi wa yule, na mji nyuma unabaki. Kazi hiyo mpe mtoto mkubwa. Atajiona ana wadhifa, na hatakusumbua tena.

Kasi ya shata kwa picha ya watu: watu wazima wanaweza kutulia robo ya sekunde ukiwaambia wapumue kisha washike. Watoto hawawezi. Kwa watoto usishuke chini ya kasi ya 1/60 ya sekunde, hata kama ISO itafika 3200 na picha ikapata chenga. Chenga haziharibu kumbukumbu, lakini uso uliofutika huwezi kuurudisha.

---

FundiTaa

Nafanya kazi ya umeme, si mpiga picha, ila kuna kitu naona watu wanalalamikia kwenye picha na video zao: mistari ya giza na mwanga inayopita kwenye picha, hasa sokoni na kwenye vibanda vya chakula. Simu si mbovu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya 1/500 ya sekunde inaidaka taa ikiwa nusu imezima. Weka 1/50 au 1/100 na mistari itatoweka au kupungua sana. Kwa video, kama simu ina chaguo la 50 na 60, chagua 50.

Na msishangae rangi. Taa za zamani za barabarani, zile za sodiamu, zinatoa rangi ya chungwa, LED mpya ni nyeupe au zina ubuluu, na mabango yana rangi zake. Mtaa mmoja una rangi tatu. Usijaribu kuzisawazisha zote. Hakikisha rangi ya nyuso tu iko sawa, mengine yaache, ndivyo mtaa ulivyo.

---

Mzalendo_Kololo

Wakuu, kabla watu hawajatoka na kamera, tukumbushane mahali pa kuwa makini. Juu ya kilima cha Kololo kuna kambi ya jeshi. Mbuya kuna makao ya jeshi. Makindye pia kuna kambi. Nakasero kuna Ikulu ndogo. Bunge vilevile. Msielekeze lenzi huko, hata kama mnachotaka ni mandhari tu, na hasa msisimamishe stendi ya miguu mitatu, maana stendi usiku inamfanya askari aje kuuliza. Akija, msalimie kwanza, mwonyeshe picha, mwambie uko na familia. Wengi wao Kiswahili ni lugha yao ya kazi, na salamu ya Kiswahili inalainisha mambo.

---

Nakato_W

Nyinyi wote mko kilimani. Mimi napenda chini, mitaani. Wandegeya usiku: moshi wa kuku wa kuchoma, chapati inageuzwa kwenye kikaango, mayai yanamwagwa, rolex (chapati yenye mayai ndani) inaviringishwa, taa ya balbu moja juu ya meza. Pale picha zinajipiga zenyewe! Na watoto wanafurahi kwa sababu wanakula.

Swali langu kwa BabaNasra, je, mtu wa kibanda anaudhika ukimpiga picha?

---

BabaNasra (Kibuli)

Nakato dada yangu, umenigusa. Mitaani dirisha la anga halina umuhimu mkubwa, kwa hiyo huko ndiko kwa kwenda mkishamaliza kilimani. Panda kwanza, shuka mle baadaye. Jioni yetu hupangwa hivyo.

Mtu wa kibanda ni mtu kazini. Agiza chakula kwanza. Msalimie kwa Kiganda, "ssebo, oli otya" (bwana, hujambo), na umwombe. Mara nyingi atakubali na ataviringisha rolex ya pili kwa madaha zaidi. Akisema hapana, imekwisha, na usimpige kwa kuibia ukiwa ng'ambo ya barabara. Akikubali, muulize kama ana namba ya kumtumia picha. Ukimtumia, ukirudi atakupokea kama mwenyeji.

Kwa picha yenyewe: balbu moja juu ya meza ndiyo taa nzuri kuliko zote. Mwache mtoto asogee ukingoni mwa mwanga, uso umeelekea kwenye kikaango, si kwako. Mtoto anayesubiri chakula chake hahitaji kuambiwa atabasamu.

Na mvua ikikatika, msikimbilie nyumbani. Hewa imeoshwa, vumbi limeshuka, lami inaakisi taa, na hata dimbwi linakuwa na rangi. Miezi ya kiangazi, Januari na Februari, vilima vya mbali vinamezwa na ukungu wa vumbi na moshi, lakini baada ya mvua ya Aprili au Oktoba unahesabu madirisha ya kilima cha pili.

---

Kijana_wa_Arua

Nawasoma kutoka Arua. Huku kwetu majengo marefu ni machache, na umeme ukikatika mji wote unakuwa giza. Mnatuweka wapi?

---

BabaNasra (Kibuli)

Umeme ukikatika, ndugu yangu, nyinyi mna kitu ambacho Kampala haina: anga. Sogeeni nje ya mji kidogo usiku usio na mwezi, jioni za Aprili au Mei, na mtaona mambo mawili kwa pamoja ambayo mtu wa Ulaya hayapati: makundi ya nyota, Dubu Mkubwa upande wa kaskazini na Msalaba wa Kusini upande wa kusini. Ikweta inatupa pande zote mbili.

Lenzi pana, tundu wazi kabisa, ISO 3200, sekunde 15 hadi 20. Ukizidisha, nyota zinaanza kuburuzika kwa sababu dunia inazunguka. Familia ikae imetulia mbele, na mmoja apitishe mwanga hafifu wa tochi juu yao kwa sekunde moja tu, basi. Babu akiwepo, mkalishe kwenye kiti katikati. Yeye ndiye atakayetulia sekunde 20 kuliko ninyi wote.

---

Okello_Ntinda

Nimejaribu jana Muyenga, simu juu ya mfuko wa mchele, saa 1:10. Anga limetoka la nili kweli! Lakini nina swali: vipi lile daraja jipya la Jinja lenye nyaya? Nataka kuwapeleka wazee wakalione limewaka taa.

---

Mzalendo_Kololo

Okello, lile la Mto Nile lililofunguliwa Oktoba 2018, la mita 525. Ni zuri usiku, nyaya zinang'aa mpaka majini. Lakini usisimame juu ya daraja kupiga picha, wala usielekeze kamera kwenye bwawa la Nalubaale lililo jirani. Yote mawili ni miundombinu inayolindwa. Nenda ukae sehemu halali kando ya mto, hoteli au mkahawa wenye bustani inayotazama daraja, nunua soda, omba ruhusa.

---

BabaNasra (Kibuli)

Naongezea kwa Okello: Jinja iko mashariki kidogo ya Kampala, jua huzama dakika mbili tatu mapema, hiyo si shida. Shida ni foleni ya kutoka Kampala. Ukiondoka mchana umechelewa, utafika anga limeshazimika. Ondokeni asubuhi, wazee wapumzike, wale samaki, na jioni iwakute wamekaa tayari. Mtu mzima aliyechoshwa na safari hawezi kuangalia kamera kwa raha.

---

Umm_Swabra (Bwaise)

La mwisho kutoka kwangu. Picha zikibaki kwenye simu zinapotea na simu. Mama mkwe wangu hana simu ya skrini, anataka karatasi ya kuweka ukutani. Nilichapisha ya usiku studio moja mjini, ikatoka nyeusi, nyuso hazionekani, wakati kwenye simu ilikuwa safi. Tatizo ni studio?

---

BabaNasra (Kibuli)

Si lazima iwe studio, dada. Skrini inawaka yenyewe, karatasi haiwaki. Picha ya usiku inayopendeza kwenye simu yenye mwanga wa juu kabisa itatoka nyeusi ukichapisha. Kabla hujaipeleka, shusha mwanga wa skrini mpaka nusu, halafu ing'arishe picha mpaka nyuso zisomeke vizuri hapo, hasa sehemu za kivuli. Tuma faili lenyewe kama hati na si kama picha kwenye WhatsApp, maana ikitumwa kama picha inabanwa na kupoteza maelezo ya gizani. Mwambie fundi akutolee kwanza moja ndogo ya majaribio, uitazame mchana nje ya duka, ndipo achapishe kubwa ya mama mkwe. Na kama ukuta wake hauna taa nzuri, ing'arishe zaidi kidogo.